Mwanangu anataka kuwa kocha kama Barassi. Tumwachie?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi magharibi mwa jiji la Melbourne, Australia. Tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, ndipo tukaletwa huku. Mtoto wangu wa pili ana miaka 17, anacheza mpira wa Kiaustralia tangu akiwa na miaka 10. Mwaka huu amegongwa kichwa mara mbili. Mara ya pili walimtoa uwanjani akiwa hajui ni robo ya ngapi inachezwa. Halafu majina ya timu ya vijana ya kanda yakatoka na lake halimo. Alilia siku mbili, kisha akaja na jambo jipya: anataka kuwa kocha. Amebandika ukutani picha ya Ron Barassi, mchezaji na kocha mashuhuri wa zamani wa mchezo huo. Baba yake anasema kocha ni mtu aliyewahi kuwa nyota, asiyekuwa nyota nani atamsikiliza? Tena anasema huyo Barassi alibebwa na jina la baba yake, na sisi jina hilo hatuna. Mimi naogopa kichwa chake, na naogopa kumvunja moyo. Hii ndoto ina njia, au tumwelekeze kwenye masomo tu?"

Marahaba, mama, na pole kwa siku hizo mbili za kilio. Kijana wa miaka 17 akilia kwa sababu ya timu, mara nyingi haulilii mpira wenyewe. Analilia mahali alipokuwa akijulikana kwa jina. Kwa mtoto aliyefika ugenini na kuanza shule kwa lugha asiyoijua, uwanja wa Jumamosi ndio uliokuwa mtaa wake. Aliposema anataka kuwa kocha, nadhani alikuwa pia anaomba asihamishwe mtaani.

Nitakujibu yote, la Barassi, la jina na la masomo. Ila naanza na kichwa, kwa kuwa mengine yanaweza kungoja na hicho hakingoji.

Ubongo haukushikamana na fuvu kama kokwa na nyama ya embe. Unaelea kwenye maji. Kichwa kikienda kasi kisha kikasimama ghafla, au kikazungushwa na kishindo cha bega la mtu, ubongo huendelea na safari yake kidogo na nyuzi zake nyembamba huvutika. Baada ya hapo seli zinahitaji nguvu nyingi ili zijitengeneze, na wakati huohuo uwezo wa mwili wa kuzifikishia nguvu hizo umepungua. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Picha ya hospitali inaweza kutoka safi kabisa na mtoto bado hayuko sawa, kwa sababu kilichoharibika ni utendaji zaidi ya umbo. Wala si lazima azimie. Mwanao alisahau robo ya mchezo akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na hiyo ni dalili tosha.

Wazazi wengi huhofia kile kipigo kikubwa ambacho uwanja mzima umekiona. Sisi tunaoshughulika na vijana tunahofia zaidi kipigo cha pili, hata kiwe kidogo, kinachokuja kabla cha kwanza hakijapona. Ndiyo maana mwongozo wa ligi za kijamii nchini Australia unasema aliyepata mtikisiko asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21 kupita tangu alipoumia, na hizo ni siku za uchache. Dalili zote ziwe zimekwisha, awe amerudi darasani bila kuumwa kichwa, mazoezi yaongezwe hatua kwa hatua, na daktari awe amemruhusu. Mara mbili ndani ya msimu mmoja ni jambo jingine tena. Hapo mwanao anahitaji daktari mwenye uzoefu wa majeraha haya, na uamuzi wa kurudi au kutorudi msimu huu uwe wa daktari huyo. Kocha asiutoe, mimi nisiutoe, na kijana mwenyewe asiutoe.

Akianza kutapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakazidi badala ya kupungua, akawa mzito wa kuamka, akachanganyikiwa, mkono au mguu ukalegea, au akapata degedege, usingoje miadi ya daktari. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Kuna jina moja nataka ulijue. Graham Farmer alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huu, na baadaye kocha wa Geelong. Alifariki 2019, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba ubongo wake ulikutwa na ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa ligi kuu kuthibitishwa kuwa nao. Sikutajii haya ili ukeshe macho. Farmer alicheza karibu miaka 20 katika enzi ambayo mtu aliyezungushwa kichwa alipewa maji na kurudishwa uwanjani. Mwanao yuko katika enzi nyingine, na mama aliyeuliza mapema. Nimemtaja kwa sababu kijana wako atakapokwambia "ni kichwa tu, mama, kimepona", ujue kwamba hata waliokuwa mashujaa wa mchezo huu walilipa.

Sasa tuje kwa yule wa ukutani.

Baba yao ana sehemu ya ukweli. Jina lilimfungulia Barassi mlango. Baba yake, aliyeitwa pia Ron, aliichezea klabu ya Melbourne na alikuwamo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa 1940. Mwaka uliofuata, Julai 1941, aliuawa vitani Tobruk, Libya. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Enzi hizo mchezaji alikwenda klabu ya eneo alikoishi, na kijana huyu hakuwa wa eneo la klabu hiyo. Klabu ilihangaika mpaka ligi ikakubali utaratibu wa mwana kufuata klabu ya baba. Utaratibu huo upo hadi leo, ila umekazwa: baba lazima awe ameichezea klabu mechi 100. Baba yake Barassi alicheza 58. Kwa kanuni ya sasa, mama, jina hilo lisingemsaidia kitu.

Lakini angalia kilichofuata baada ya mlango kufunguka, kwa sababu hapo ndipo kocha alipotengenezwa. Mama yake aliolewa tena akahamia Tasmania. Kijana akabaki jijini Melbourne, akaenda kuishi kwa Norm Smith, katika chumba cha uani, nyuma ya nyumba. Smith alikuwa amecheza na marehemu baba yake, na tangu 1952 ndiye aliyekuwa kocha wa Melbourne. Kwa lugha ya kwetu, kijana alipelekwa kwa fundi. Alikula meza moja na kocha wake, na baada ya mechi kushindwa hakuwa na pa kujificha, maana kocha alikuwa sebuleni. Smith alijulikana kwa ukali, na huyu aliyelala kwake hakumlegezea.

Barassi aliingia kikosi cha kwanza 1953 akiwa na miaka 17, na mwanzo haukuwa mzuri. Hakuwa na nafasi inayomfaa. Mchezo huu una watu 18 kila upande kwenye uwanja wa duara la yai. Mrefu kuliko wote huruka katikati kugombea mpira, na wadogo wepesi huzunguka miguuni pake kuokota. Barassi hakuwa mrefu wa kutosha kuruka, na alikuwa mzito kidogo kwa kuokota. Smith akamweka katikati ya hao wawili: amfuate mrukaji, apigane kama mkubwa, akimbie kama mdogo. Kazi hiyo ikawa nafasi kamili katika mchezo, na leo kila mtu huitaja pamoja na jina la Barassi.

Naomba baba yao alisome hili mara mbili. Barassi hakuzaliwa amekaa kwenye nafasi yake. Alishindwa, akatazamwa na mtu mwenye jicho, akaelezwa kwa maneno afanye nini na kwa nini. Aliyefundishwa kwa maneno hubaki na maneno ya kuwafundishia wengine. Hayo ndiyo mambo ninayotafuta kwa kijana anayetaka ukocha, na huwa siulizi alifunga magoli mangapi.

Kama mchezaji alitwaa ubingwa mara 6 akiwa na Melbourne: 1955, 1956, 1957, 1959, 1960 na 1964. Miwili ya mwisho alikuwa nahodha. Ukitazama hesabu hiyo utaona pengo la 1958, na pengo hilo lina funzo kubwa kuliko makombe yenyewe. Mwaka ule Melbourne walikuwa wanatafuta ubingwa wa nne mfululizo, rekodi ambayo Collingwood peke yao walikuwa nayo, na fainali wakakutana na Collingwood haohao. Barry Harrison wa Collingwood alimwandama Barassi, akamchokoza, akamvuta kwenye ugomvi. Barassi akakasirika, akaanza kucheza na Harrison badala ya kucheza na mpira. Collingwood wakashinda kwa pointi 18. Mchezaji bora wa timu bora aliondolewa mchezoni bila kuguswa akili yake ya mpira. Iliguswa hasira yake tu. Nikikaa na makocha vijana huwarudisha kwenye fainali ile. Huwauliza: ungekuwa kwenye benchi siku ile, ungemtumia ujumbe gani, na ungeutuma dakika ya ngapi? Mwulize mwanao. Jibu lake litakwambia mengi.

Mwisho wa 1964, akiwa ametoka kushinda kombe la sita, Barassi aliondoka kwenda Carlton kuwa nahodha na kocha kwa pamoja. Mashabiki wa Melbourne waliumia kama watu waliofiwa. Na kwa kweli klabu ile haikutwaa ubingwa tena hadi 2021, miaka 57. Wengi walisema amefuata pesa, na pesa zilikuwepo. Lakini mimi naona pia mwanafunzi aliyejua kwamba chini ya paa la Norm Smith atabaki mwanafunzi daima. Alikuwa na miaka 28.

Carlton hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1947. Misimu miwili ya kwanza hakufika popote. Kombe likaja 1968, kwa pointi 3 tu dhidi ya Essendon, na siku hiyo Essendon walifunga magoli mengi kuliko Carlton. Nieleze kidogo kwa ajili ya msomaji mgeni: kuna nguzo nne, mpira ukipita katikati ya zile mbili za ndani ni goli, pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi 1. Carlton walipata magoli 7 na pointi moja-moja 14, jumla 56. Essendon magoli 8 na 5, jumla 53. Timu ilishinda kwa kuendelea kuukaribia lango hata ilipokuwa inakosa.

Na 1970 ndiyo fainali ambayo kila kocha wa mchezo huu husimuliwa. Watu 121,696 waliingia uwanja wa MCG, umati ambao fainali hiyo haijawahi kuuona tena. Wakati wa mapumziko Collingwood walikuwa mbele kwa pointi 44. Barassi aliwaambia vijana wake waache woga, watumie pasi ya ngumi kila wanapoweza, wakimbie. Pasi ya ngumi ni hivi: unashika mpira kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili, kwa kuwa kuurusha ni kosa. Zama zile wengi waliitumia pale mtu alipobanwa tu, kama njia ya kujiokoa. Heshima ilikuwa ya teke refu. Barassi aliifanya silaha. Pia alimwingiza Ted Hopkins, kijana aliyekaa benchi nusu nzima, naye akafunga magoli 4. Carlton wakashinda kwa pointi 10, 111 kwa 101.

Simulizi hiyo imekuzwa na miaka, kana kwamba hotuba moja ilibadilisha dunia. Wachezaji hawajifunzi kupiga pasi ya ngumi ndani ya dakika 20 za mapumziko. Waliweza kwa sababu miguu na mikono yao ilikuwa imeandaliwa mazoezini, miezi mingi nyuma. Kazi ya kocha siku ya fainali ni kuwakumbusha wanachokijua tayari wakati hofu imewasahaulisha. Mwanao akikuonyesha video za hotuba kali za vyumbani, na atakuonyesha, mwambie aulize kilichofanyika mazoezini Jumanne na Alhamisi kabla ya hotuba hiyo.

Kutoka hapo Barassi akaenda North Melbourne, 1973. Msimu wa 1972 klabu hii ilikuwa imeburuta mkia kwa ushindi mmoja tu. Viongozi wake walikuwa na mpango, na kanuni mpya ya wakati ule iliwaruhusu kuchukua wachezaji waliotumikia klabu zao miaka 10, hivyo wakapata wakongwe wazuri. Nalitaja hili kwa sababu kocha hashindi peke yake, na anayemhesabia Barassi kila kitu anawadhulumu wenzake. Walicheza fainali tano mfululizo, 1974 hadi 1978, wakashinda mbili: 1975, ubingwa wa kwanza wa klabu hiyo tangu ijiunge na ligi 1925, na 1977, baada ya fainali ya kwanza kuisha sare ya 76 kwa 76 na kurudiwa wiki iliyofuata.

Laiti simulizi ingeishia hapo, baba yao angekuwa sahihi: nyota huwa kocha nyota. Lakini 1981 Barassi alirudi nyumbani Melbourne, na msimu huo timu ilishinda mechi moja tu. Alikaa miaka mitano na hakuwahi kuwafikisha hatua ya mtoano. Mtu yuleyule, jina lilelile, sauti ileile. Miaka ya 1970 wachezaji waliusikiliza ukali wake kwa sababu walikuwa na uwezo na walihitaji kusukumwa. Timu changa isiyo na uwezo ukiifokea unaipa hofu juu ya udhaifu. Huo ni mtazamo wangu, na nimeupata kwa gharama: nilipoanza kufundisha vijana wa soka Mombasa niliamini kwamba sauti kubwa ndiyo ukocha, na kuna mtoto mwenye kipaji aliacha mpira mikononi mwangu. Sikuwahi kupata nafasi ya kumwomba radhi.

Na bado miaka ile ya kushindwa ilizaa kitu ambacho mwanao anapaswa kukijua kuliko makombe yote. Klabu ilituma watu Ireland kutafuta vijana wanaocheza mpira wa kwao wa Kiairishi, mchezo unaofanana kidogo na huu. Akaja Jim Stynes kutoka Dublin, 1984, akiwa na miaka 18, hajawahi kucheza mpira wa Kiaustralia. Hakuwa na baba aliyecheza hapa, hakuwa na jina, hakujua hata kanuni. Mwaka 1991 alipata medali ya Brownlow, ya mchezaji bora na mwadilifu wa ligi, na aliweka rekodi ya kucheza mechi 244 mfululizo. Baadaye alianzisha taasisi ya kuwasaidia vijana, na kabla ya kufariki 2012 alikuwa rais wa klabu ileile iliyomleta. Ukitaka wa karibu zaidi nasi, Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, na 2021 aliteuliwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha Australia nzima. Kwa hiyo neno "sisi jina hilo hatuna" lisirudiwe tena mbele ya mtoto.

Kazi ya mwisho ya Barassi ilikuwa Sydney, 1993 hadi 1995. Ule ni mji wa ragbi, na timu ilikuwa imezoea kufungwa wiki baada ya wiki. Misimu miwili ya kwanza alimaliza mkiani, baada ya wa tatu akaondoka, na mwaka uliofuata chini ya kocha mwingine timu ile ikafika fainali. Alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 87.

Nimekuchosha na historia, mama, lakini hoja ya baba yao haijibiwi kwa neno moja. Kucheza na kufundisha ni maarifa mawili. Mchezaji mwenye kipaji kikubwa hujua kwa mwili. Mkono wake umeshafanya kabla hajafikiri, na ukimwuliza umefanyaje atakwambia "fanya tu". Aliyehangaika kujifunza amelazimika kukivunja kitendo vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo anavyoweza kumgawia mwingine. Allan Jeans aliichezea St Kilda mechi 77 tu, kisha akawapa ubingwa wa 1966, na Hawthorn akawapa mitatu. Chris Fagan hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Alikuwa mwalimu wa shule Tasmania. Ameiongoza Brisbane kutwaa ubingwa 2024 na 2025. Upande wa pili, Nathan Buckley, mshindi wa Brownlow, alifundisha Collingwood miaka kumi kwa bidii kubwa bila kombe. Na kuna Leigh Matthews, mchezaji asiye na mfano, ambaye pia alitwaa makombe manne akiwa kocha. Unyota haukuzuii wala haukubebi.

Kuhusu riziki, sitakudanganya. Ligi kuu ya wanaume ina klabu 18, maana yake viti 18 vya kocha mkuu nchi nzima, na anayekikalia anaweza kuondolewa katikati ya msimu. Chini yao kuna wasaidizi, makocha wa ukuzaji vijana, ligi kuu ya wanawake iliyoanza 2017, shule, na klabu za mitaani ambazo nyingi hulipa kidogo au hazilipi. Mtu anayefuata ukocha bila kazi nyingine mkononi anajiweka pabaya. Kwa hiyo swali lako la mwisho, ndoto au masomo, mimi silioni kama njia panda. Ualimu, sayansi ya michezo, tiba ya viungo, vyote hivyo ni masomo na vyote ni ukocha. Mwambie kwamba Fagan alianzia ubaoni. Masomo yakiletwa kama adhabu ya kukosa timu atayachukia.

Mwaka huu anaweza kuanza akiwa na miaka hiyohiyo 17. Kila klabu ya mtaani ina watoto wadogo wanaohitaji mkono wa ziada Jumapili asubuhi, na makocha wao huwa wazazi waliochoka ambao watashukuru. Aombe kuwa msaidizi wa kocha mmoja anayemheshimu, abebe mipira, apange koni, aangalie. Hicho ndicho chumba chake cha uani. Kuna mafunzo ya mwanzo ya ukocha ambayo klabu itamwelekeza. Akitimiza miaka 18 atahitaji kibali cha serikali ya Victoria cha kufanya kazi na watoto, ambacho kwa wanaojitolea ni bure. Njia nyingine, ambayo vijana huidharau bila sababu, ni kuwa mwamuzi wa mechi. Mwamuzi wa pembeni hulipwa kidogo, hukimbia sana, na huuona mchezo kutoka pale ambapo mchezaji hauoni. Zote mbili zisubiri ruhusa ya daktari, maana hata kukimbia tu kuna hatua zake baada ya mtikisiko.

Akirudi kucheza siku moja kwa ruhusa ya daktari, sitashangaa wala sitampinga. Kinachonitia shaka ni kurudi haraka ili awathibitishie waliomwacha kwamba walikosea.

Kwa daktari, tafadhali usimruhusu mwanao awe mkalimani wako. Najua nyumbani ndiye mnayemtegemea kwa Kiingereza, lakini huyu ndiye mgonjwa, na mgonjwa anayetaka kucheza atatafsiri anachotaka daktari asikie. Ukipiga kuomba miadi, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Kuna huduma ya taifa ya ukalimani kwa simu na daktari huitumia bila wewe kulipa. Andika kabla hujaenda: tarehe za vipigo vyote viwili, alikumbuka nini na hakukumbuka nini, analala saa ngapi, taa zinamsumbua au la, amekuwa mkali au mkimya kuliko zamani, shuleni kunaendaje. Huzuni yake itaje pia. Hasira, kukosa usingizi na kujitenga vinaweza kuwa vya kukosa timu, na vinaweza kuwa vya ubongo ambao haujapona, na mimi siwezi kuvitenganisha kwa barua. Akisema maisha hayana maana, au ukihisi anafikiria kujidhuru, usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyohiyo.

Na kwa ndoto yake, jaribu jambo moja nyumbani, halihitaji kukimbia. Mwombe amfundishe mdogo wake jinsi ya kushika ule mpira wa yai kabla ya kuupiga teke. Keti kando ukichambua mboga zako, usiseme neno. Mtoto atakosea. Tazama kaka mtu anafanya nini mara ya tatu: anarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi, au anachuchumaa, anashika vidole vya mdogo wake na kutafuta maneno mengine. Ukimwona anatafuta maneno mengine, niandikie tena, nami nitamtafutia kocha wa kukaa naye.